Injini Ndefu Iliyonifungia Mlango

Nina miaka hamsini na miwili, ni mwalimu wa historia hapa Kasongo, na nimesoma chuo kikuu Lubumbashi. Nakitaja chuo mapema, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba ujinga ninaousimulia hapa haukutokana na kukosa shule. Shule niliipata... akili ndiyo iliyochelewa!

Nyumbani kwangu kuna chumba chenye kitanda kilichotandikwa vizuri, na hakuna anayekilalia. Kila nikipita mlangoni pake, moyo unaniuma.

Nilizaliwa Samba, ng'ambo ya mto Lualaba, kule reli inakopita. Marehemu baba alikuwa akitia kuni kwenye injini za mvuke, mpaka siku ilipofika injini ya kwanza ya mazutu, yaani dizeli. Alinisimulia habari za siku ile tangu nikiwa mdogo: mashini isiyokula kuni, isiyorusha cheche, inayonguruma bila kupumua. Nilimuuliza, ilikuwa ndefu au fupi? Akanijibu, "Ilikuwa inatisha." Basi. Hayo ndiyo maelezo yote ya ufundi niliyorithi.

Kasongo mjini hatuna reli. Kwa hiyo nikajijengea yangu, ndani ya nyumba, juu ya meza ya mbao. Njia niliitengeneza kwa spoku za baiskeli. Stesheni ya Samba niliijenga kwa maboksi ya sabuni. Umeme ulitoka kwenye batri ya sola, ile ile ambayo mke wangu aliitaka kwa ajili ya taa.

Mke wangu, Mama Shabani, hakunikataza. Shabani, mtoto wetu wa pekee, alikuwa ameenda kusoma Kindu, na chumba chake, ndimo nilimojenga, kilikuwa wazi. Alisema jambo moja tu: mama yake, anayekaa Wamaza, alikuwa na mtoto wa jicho, jicho moja limeshafunga, na madaktari wa macho walitarajiwa kuja hospitalini kwetu kwa siku chache. Mama angefikia kwetu. Chumba kile kingekuwa chake.

Nikamwambia asijali. Wakati ukifika, nitabomoa.

Ndugu zangu, ningebomoa vipi wakati sijachagua injini?

Nilikuwa na mota moja tu, niliyoitoa kwenye radio-kaseti iliyokufa. Lakini nilikuwa nimekata miili miwili ya injini kutoka mikebe ya sardini. Ya kwanza ilikuwa fupi. Kibanda cha dereva kilikaa nyuma, pua mbele, na magurudumu yalifungwa pamoja kwa vyuma kama ya injini za mvuke. Ilikuwa kama kijana aliyevaa koti la babu yake. Ilipita kona zote bila kulalamika.

Ya pili ilikuwa ndefu. Kibanda kilikuwa katikati, pua huku na pua huku, na chini yake vigari viwili vya magurudumu. Ilikuwa nzuri, jamani! Ilitisha kama alivyosema baba! Tatizo lake lilikuwa moja: ikifika kwenye kona, tumbo linatoka nje ya reli, inayumba, inaanguka.

Mtu mwenye busara angechagua fupi. Mimi nilichagua ndefu, kisha nikaamua kwamba kosa ni la kona.

Nikapanua kona. Kona ikadai meza kubwa zaidi. Meza ikazunguka kuta zote, mpaka ikabaki sehemu moja tu ya kupitisha njia... mbele ya mlango! Nikapigilia ubao pale, kutoka upande huu wa mlango hadi ule, usawa wa kiuno. Pazia la mlango likaning'inia kwa nje. Tangu siku hiyo, kuingia chumbani kwangu kulikuwa kwa magoti na mikono, chini ya ubao, kama mbuzi anayerudi zizini.

Mke wangu alitazama, akaniuliza, "Baba Shabani, mama atalala wapi? Juu ya reli?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani...

Siku ile jua lilikuwa kali. Nilikuwa humo ndani, katikati ya meza, nimevaa singlendi iliyotoboka na kaptula ambayo mtu mzima haivai mbele ya watu. Suruali ilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nikijaribu ile ndefu kwa mara nyingine. Nje nikasikia moto, yaani pikipiki, inasimama, halafu sauti niliyoijua ikibisha hodi. Mama mkwe! Alikuwa amepata mchuuzi wa kumbeba kutoka Wamaza, akatangulia siku moja.

Lazima mwelewe jambo hili. Kwetu, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Mkikutana njiani unampisha. Huli mbele yake. Na kumtokea ukiwa nusu uchi, unatambaa kwa magoti? Nilifikiria namna zote mbili. Nikitanguliza kichwa, uso wangu ungetokea miguuni pake. Nikitanguliza upande wa pili... Mungu anisamehe!

Naye alikuwa ameketi wapi? Kwenye mkeka, ukumbini, kwa sababu hapo ndipo penye baridi. Mbele kabisa ya pazia langu.

"Bwana yako iko wapi?" akauliza.

Mke wangu, kwa kunisitiri, akasema, "Alitoka, mama. Alienda Lusangi."

Hapo nikafungwa kufuli ya pili! Sasa nikitoka si aibu yangu peke yangu. Nikitoka, mke wangu ni mwongo mbele ya mama yake.

Nikachuchumaa katikati ya nchi yangu ya mbao. Jasho likanitiririka. Nikasikia mama akiuliza mizigo yake iwekwe chumba gani. Halafu nikamsikia mke wangu analia, taratibu, kama mtu aliyezoea kulia bila kusikika. Akamwambia mama yake mambo ambayo hakuwahi kuniambia mimi: kwamba anakaa gizani ili treni ipate umeme, kwamba anaongea na pazia.

"Ni treni, mama. Mutu muzima, prof, anacheza na treni!"

"Treni ya kwenda wapi?"

"Inazunguka tu."

Mimi, msomi, nikajikunja zaidi. Kiwiko kikagusa waya... Mungu wangu! Injini ndefu ikaanza kwenda!

"Nini hiyo iko inalia?" mama mkwe akauliza.

"Panya, mama."

"Panya ya huku iko na magurudumu?"

Nilinyoosha mkono, sikuifikia. Ikapita stesheni ya Samba, ikapita daraja, ikaja kwa kishindo kwenye ubao wa mlangoni. Pale pale, ilipoanza kuingia ile kona niliyoipanua kwa ajili yake, ikayumba, ikaanguka. Ikapenya chini ya pazia, ikatua mapajani mwa mama mkwe.



Kisha nikasikia kitenge kinavutwa. Alikuwa amejifunika uso, ili anisitiri. Akasema polepole, "Mukwe wangu, mimi sijaona kitu. Toka tu, utusalimie."

Mke wangu naye akaja karibu na pazia. "Baba Shabani, toka. Nakuomba."

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji! Uso umefunikwa, ninaitwa kwa upole, ninaombwa! Kilichotakiwa ni magoti mawili na neno moja. Sikutoka. Nilisubiri suruali ambayo hakuna aliyekuwa anaileta.

Mama mkwe akangoja. Akachoka kungoja. "Funga vitu yako," akamwambia binti yake. "Nyumba hii haina nafasi ya watu."

Nikasikia moto ikiondoka nao wote wawili. Ndipo nikatambaa nje. Ukumbini hapakuwa na mtu wa kunionea aibu.

Madaktari walikuja, wakafanya kazi yao, wakaondoka. Mama mkwe alikuwa Wamaza. Mvua ilikuwa imekata barabara. Jicho la pili likafunga.

Nilibomoa kila kitu, nikaweka kitanda. Nikamtuma mjomba wangu na mbuzi na kitenge kuniombea msamaha. Akarudi na jibu fupi: "Aje mwenyewe. Mulango yetu iko mupana."

Nikaenda, kwa moto na kwa mguu, nimevaa suti yangu ya mahafali. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani, na mikononi ameshika ile injini ndefu aliyoondoka nayo, anaipapasa. Nikasimama mbali, kama desturi inavyotaka. Akageuza uso, lakini si upande wangu.

"Nani amesimama pale?"

"Ni Baba Shabani, mama," mke wangu akasema.

Akafikiri. "Amevaa?"

"Amevaa, mama."

"Muzuri." Akaendelea kuipapasa injini. "Uliisahau macho, mukwe wangu. Haina taa."

Mke wangu alinisindikiza hadi njiani. Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema madaktari wakirudi, na mama akiona, tutaongea. Kwa sasa yeye ndiye macho ya mama yake. Na lini watarudi? Nani ajuaye?

Ndugu zangu, kama unajenga reli, nakushauri injini fupi. Kabla ya kupanua kona, angalia ni mlango wa nani unaouziba. Lakini si hilo hasa ninalowaomba. Nawaomba mkiitwa, mtoke! Tokeni mlivyo, na singlendi, na magoti, na vumbi! Aibu ya kutambaa ingekwisha siku ile ile, labda kwa kicheko.

Mimi nilijificha nisionekane na macho yale. Sasa nasimama mbele yake kwa suti na tai... na hayanioni.