Makofi Mawili kwenye Bodi

Jumamosi ile Fundi Kesho aliamka na raha zake. Jina lake halisi hata wateja walishalisahau. Walimwita Kesho kwa sababu gari lako likishaingia uani kwake, jibu ni moja tu: njoo kesho. Alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, chai haijafika nusu kikombe, aliposikia matairi yanalia getini. Akaweka kikombe chini. Ilikuwa pikapu ya marehemu shemeji yake.

Aliyeshuka ni mdogo wake wa kike. Jamani, alikuwa amekwisha! Miezi minane ya ujane ilikuwa imemkausha mpaka gauni linaning'inia mabegani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekula wewe?"

"Sikuja kula. Pikapu imegoma kutoka kwenye fowili."

Fundi akacheka. Fowili ni pale magurudumu yote manne yanapovuta kwa pamoja. Kwenye matope ni mkombozi, lakini kwenye ardhi kavu gari halitaki kukata kona, linaguna na kutafuna matairi. Kwa pikapu za zamani huo ni ugonjwa wa kila siku.

"Tangu lini?"

Mdogo wake akamtazama. "Unajua tangu lini."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Ni kweli alijua. Siku ile ya mvua pikapu ilizama kwenye tope, shemeji akashuka kupanga mawe nyuma ya matairi, mkewe akashika usukani. Alipoona mambo magumu akampigia kaka yake simu. Na Fundi, akiwa chini ya gari la mtu, simu kaibana kwa bega, akamjibu haraka haraka: weka fowili, piga rivasi, kanyaga mafuta, usisimame hata ukisikia nini, ukisimama inazama moja kwa moja. Hakuuliza shemeji yuko wapi. Swali dogo tu, na hakuliuliza.

Wote watatu walikuwa na lugha yao ya gari, na yeye Fundi ndiye aliyewafundisha. Anayeelekeza nyuma akipiga bodi kofi moja, rudi. Akipiga mawili, simama.

Basi akaingia kazini, maana kazi humsahaulisha mtu. Akanyanyua pikapu kwa jeki hadi magurudumu yote yakaning'inia. Kigia cha fowili kilikuwa kwenye mbili, ambapo magurudumu ya nyuma tu ndiyo huvuta. Akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, na la mbele likazunguka nalo. Akafungua habu za mbele, zile zinazokamata na kuachia magurudumu, akachomoa fito za kigia, akamwaga oili ya sanduku la gia. Oili safi. Meno mazima. Springi zote mahali pake. Alikagua kila kitu mara mbili, akakaa chini na spana mkononi. Kwa fundi hakuna jambo la kutisha kama kukuta kila kitu kizima.

Ndipo alipozunguka nyuma kutafuta kitambaa, akaona kibao cha nyuma cha pikapu. Viganja viwili vya tope, vipana, vya mwanamume, na vidole vimetanuka. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki saba. Akagusa. Tope lilikuwa bichi.

"Nafuta kila asubuhi," mdogo wake akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Nikirudi na ndoo baada ya kumwaga maji, vipo tena."

Fundi akajifuta vidole kwenye suruali.

"Kaka, nilisikia siku ile. Alipiga mara mbili. Nilisikia vizuri kabisa. Ila wewe ulisema nisisimame."

Maneno yalimwingia Fundi kifuani yakakaa. Alitaka kuomba msamaha. Ulimi ukamwia mzito, kama ulivyokuwa mzito tangu siku ya mazishi.

"Ikiwa bado kwenye fowili, basi bado iko kwenye lile tope," akaendelea. "Na yeye bado yuko nyuma yake. Silali, kaka. Silali kabisa. Mtoe mume wangu huko."

Dawa Fundi aliijua tangu asubuhi, alikuwa anaikwepa tu. Habu za pikapu zile huachia kwa njia moja: unaweka kigia kwenye mbili, unarudi rivasi, moja kwa moja, hatua kumi bila kusimama. Ukisimama katikati zinakamata tena. Ua wake ulikuwa na hatua kumi na tano hadi ukutani.

Akarudishia alichofungua, akajaza oili, akaishusha pikapu. Akamshika mdogo wake mkono, akampeleka barazani na kumkalisha kwenye benchi.

"Kaa hapa. Usije nyuma ya gari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa miezi minane. Kisha akamnong'oneza, "Na wewe, usisimame hata ukisikia nini. Ukisimama ataanza upya."

Fundi aliyatambua maneno yale. Yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akayameza, akaenda kuwasha gari.

Kioo cha mbele kilitazama baraza. Mdogo wake alikuwa pale, kainamisha kichwa, kitambaa cha njano kimemfunika uso. Kwenye vioo vya pembeni hakukuwa na mtu. Akaweka rivasi, akaachia klachi taratibu.

Paa!

Kofi moja, nyuma, kwenye bodi. Rudi.

Akatazama vioo, hakuna mtu. Akatazama baraza. Yupo. Kitambaa cha njano kipo.

Hatua ya nne. Pikapu ilikuwa nzito, kama imebeba shehena ya mawe. Hatua ya tano. Harufu ya tope la mvua ikajaa ndani, na nje jua linawaka. Hatua ya sita.

Paa! Paa!

Mguu ukaruka kwenye breki wenyewe. Ukasita. Simama, au usisimame? Asimame amwache mdogo wake afe kwa kukosa usingizi? Akatazama baraza tena, haki ya Mungu alitazama. Mtu alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, ametulia, mikono magotini.

Basi si yeye. Ni marehemu.

"Nisamehe, shemeji," akasema, na akakanyaga mafuta.

Pikapu ikapanda juu ya kitu. Ikashuka. Chini mbele kukasikika tak, na upande wa pili, tak. Habu zimeachia! Gari likawa jepesi ghafla. Fundi akazima, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kwa furaha. Kisha akafungua mlango.

"Imetoka! Mdogo wangu, imetoka!"

Benchi lilikuwa tupu.

Alimkuta nyuma ya matairi. Hakuwa na kitambaa kichwani.

Majirani walipokuja mbio walimkuta Fundi amekaa chini, amempakata, anarudia neno moja tu: "Nilimwona kwenye benchi. Nilimwona kwenye benchi." Hakuna aliyemwamini. Ila wale waliosogea barazani waliondoka kimya, na mpaka leo hawapendi kuulizwa. Kitambaa cha njano kilikuwa kimekunjwa vizuri kwenye benchi. Pembeni yake, pale mtu hukaa, mbao zilikuwa zimeloa tope. Chini yake, kwenye saruji, palikuwa na alama mbili za buti kubwa, ncha zimeelekea uani. Za kuja hazikuwepo, wala za kuondoka.

Fundi Kesho hatengenezi magari tena. Pikapu haijasogezwa, na kigia chake kipo kwenye mbili, ingawa ukiinyanyua kwa jeki na kulizungusha gurudumu la nyuma, la mbele linazunguka nalo. Kila asubuhi anatoka na ndoo na kitambaa kufuta kibao cha nyuma. Viganja vya siku hizi ni vidogo, vya kike. Kabla hajavifuta huweka vyake juu yake, akasema ile samahani aliyoshindwa kuisema.

Akigeuka kumwaga maji, nyuma yake bodi hupigwa makofi mawili.