Mjibu Vizuri

"Usicheke, mwalimu. Jeraha litabanduka."

Mwalimu mstaafu aliyeketi kitini akajikaza. Shavu lake la kushoto lilikuwa limeshachunika, na damu ya rangi ilikuwa ikimchuruzika mpaka kwenye kola. Alikuwa zombi wa kumi na moja asubuhi hiyo. Nje ya chumba cha mapambo, kwenye korido ya kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, wengine thelathini walikuwa kwenye foleni wakinywa chai na kupiga soga, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuharibiwa sura.

Aliyekuwa akiwaharibu ni Poda. Ndivyo kila mtu kazini alivyomwita, kwa sababu hakuna siku aliyotoka pale bila unga wa poda kwenye nyusi. Alikuwa mpambaji wa filamu, fundi hasa, na mchumba wa mwongozaji wa filamu hiyo. Harusi yao ilikuwa imebakiza miezi miwili.

Chini ya dirisha mwongozaji alikuwa akihojiwa na mtangazaji wa redio, na sauti yake ilipanda moja kwa moja hadi kitini kwa mwalimu.

"Watu wanadhani filamu ya mazombi ni ya kutisha watoto," alikuwa akisema. "Mimi naona ni habari za mtaa wetu. Mtu anaamka, anapanda basi, anashinda kazini, anarudi, anakula na wanawe macho yako kwenye simu. Mkewe akimsemesha, anaitikia 'mm'. Kesho muulize mkewe alisema nini, hajui. Huyo anatembea na anakula, ila ndani hakuna mwenyewe. Na ubaya wake anaambukiza. Kaa naye mwaka mmoja, na wewe utaanza kuitikia 'mm'."

Mtangazaji alicheka, na Poda akatabasamu, brashi mkononi. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyomteka miaka mitatu nyuma. Walikuwa wakitazama filamu ya mazombi sebuleni kwake, yeye kajificha nyuma ya mto, na huyu mwanaume akaisimamisha ili amwonyeshe jambo: wako mamia barabarani na hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Alijiambia siku ile kwamba mtu anayeona vitu kama hivyo hawezi kupita karibu yake asimwone.

Mtangazaji akauliza kama ana familia.

"Nina mchumba. Yumo humu ndani, ndiye anayewachuna watu sura."

"Na watoto?"

"Bado. Hilo hatujawahi hata kuligusa. Filamu kwanza, halafu harusi, ndipo tuone."

Kisu kidogo cha kusawazishia gundi kilimteleza Poda. Mwalimu akaguna.

"Nisamehe, mwalimu."

"Hujaniumiza, mwanangu. Vipi wewe?"

Alisema yuko salama. Akabandika upya lile jeraha, akamwita wa kumi na mbili, na mikono yake ikaendelea na kazi huku kichwa kikirudi nyuma miezi mitano.

Miezi mitano iliyopita mwongozaji alikwenda mbali, kwenye milima, kupiga sehemu ya kwanza ya filamu. Alirudi mara moja tu, kwa siku tatu. Kila Jumapili alipiga simu za haraka haraka, kelele za watu nyuma yake. Lakini ujumbe ulikuwa hauishi. Kila asubuhi Poda alikuta maneno kwenye simu, marefu, ya mtu aliyekaa akafikiri. Alipojua kwamba ni mjamzito alitaka kumwambia uso kwa uso, akashindwa kungoja, akaandika: "Tutakuwa watatu." Jibu likaja: "Nimekaa chini kwanza. Miguu imeniishia nguvu kwa furaha. Kula vizuri, lala mapema, usinyanyue ndoo." Jumapili iliyofuata Poda alimuuliza kwa simu kama alipata ujumbe. Akajibu, "Nimepata, mpenzi. Safi sana." Kisha kuna mtu akamwita, akakata.

Mimba ilitoka wiki ya kumi, nyumbani kwa dada yake mkubwa. Poda alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Akaandika. Jibu hilo alikuwa amelisoma mpaka amelihifadhi: "Pole, mama watoto wangu. Usijilaumu kwa lolote. Lia usinyamazishwe na mtu. Mimi pia nalia huku." Aliishi kwa jibu hilo kama mgonjwa anavyoishi kwa dripu. Na mwanaume aliporudi kabisa wiki moja baadaye, akamkumbatia, akamuuliza kama majeraha ya mazombi yako tayari, Poda alidhani huo ndio uchungu wa wanaume. Akamwachia. Alisubiri aanze yeye.

Walipopumzika kwa chakula cha mchana Poda alimvuta mwongozaji kwenye chumba cha mavazi, akafunga mlango.

"Kwa nini umesema hatujawahi kuligusa?"

"Lipi?"

"La mtoto."

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya wageni. "Kwani tumewahi?"

"Usinifanyie hivyo. Nimenyamaza wiki mbili kwa ajili yako. Nilipoteza mimba yetu, ukanipa pole, sasa unakana mbele ya watu."

"Mimba gani?"

Hakuwa akiigiza. Poda alimjua usoni kila msuli, kazi yake ilikuwa nyuso. Akatoa simu, akamfungulia, akampa. Mwongozaji akasoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudi juu, akasoma tena. Alipofika kwenye lile la ndoo, akaketi juu ya rundo la makoti.

"Haya sikuandika mimi," alisema.

Ndipo yalipotoka. Alikuwa na simu mbili, na hii aliyokuwa akiandikiwa na Poda ilimchanganya kazini. Akamkabidhi Mama Kalamu, katibu wake wa seti, amshikie. Akamwambia, "Huyu wangu akiandika mjibu, asijione ameachwa."

"Kwa miezi mitano?"

"Nilidhani ni salamu tu. Umeamkaje, umekula. Haki ya Mungu sikujua kama kuna kitu kikubwa. Angeniambia ningekuja siku hiyo hiyo. Kwa nini hakuniambia?"

Hasira zake zikapata pa kwenda. Akafungua mlango, akatuma Mama Kalamu aitwe.

Mama Kalamu alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kalamu tatu siku zote kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kukumbuka, ili picha zioane: nani alivaa saa mkono upi, glasi ilikuwa na maji kiasi gani. Alipoona simu mkononi mwa Poda alielewa kabla hajaambiwa.

"Wewe umejibu mambo haya bila kuniambia?" mwongozaji alimuuliza.

"Nilikuambia."

"Lini?"

"La mimba nilikuambia ukiwa mezani, unakula. Nikasema, mwenzako ana habari njema, anasema mtakuwa watatu. La pili nilikufuata kwenye skrini, unatazama picha za siku ile. Nikasema, baba, mwenzako amepoteza mtoto, mpigie. Sikuona umegeuka. Nikarudia. Nikakugusa bega."

"Nikasemaje?"

Mama Kalamu alimtazama Poda kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa ya kumuumiza.

"Ulisema, 'Mjibu vizuri.'"

Mwongozaji alikuwa anatafuta siku hiyo kichwani, na ilionekana wazi kwamba haimo. Hakuwa amesahau. Hakuwahi kuwa nayo.

"Nikamjibu vizuri," Mama Kalamu alisema. "Niliandika ambayo mimi nilitamani kuandikiwa nilipopoteza mtoto wangu. Nilijua ni vibaya, mwanangu. Nikaona kukuacha bila jibu ni vibaya zaidi."

Poda hakumfokea. Alimshika mkono, wakakaa hivyo kidogo, wanawake wawili. Kisha akasema kuna watu kumi na tisa bado hawajapakwa, akarudi kazini. Aliwamaliza wote. Jioni alisafisha brashi zake, akazipanga kwenye mkoba, akaenda kwa dada yake.

Mwongozaji alikuja siku ya nne, saa tano asubuhi, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Dada mtu alimkaribisha kwa heshima, akawaachia sebule, akaenda kukaa nje. Alikuja na maneno mengi. Alisema ameahirisha kazi, ametupa ile simu ya pili, atafanya chochote. Poda akamwambia hataki afanye chochote. Anataka akae asikilize.

Akamsimulia siku ile yote. Maumivu yalivyoanza akianika nguo. Dada alivyotafuta gari. Mkunga alivyozungumza naye kwa upole kuliko alivyoweza kuvumilia. Shuka ya bluu. Alivyokuwa ameshachagua jina na hajamwambia mtu.

Na mwongozaji alisikiliza. Haki lazima isemwe: alisikiliza neno kwa neno, hakumwondolea macho. Ilipofika kwenye jina alianguka magotini, akaweka kichwa kwenye mapaja ya Poda, akalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Poda alimpapasa kichwa. Alimwambia nyamaza, basi, nyamaza. Alimletea maji, akamshikia glasi.

Ni hapo, Poda ameshika ile glasi, alipofahamu. Mwenzake alikuwa amefiwa leo. Yeye alikuwa amefiwa wiki tatu na nusu zilizopita, akalia, akazika, akaamka, peke yake, na leo ndiye mfariji. Njia hiyo walipaswa kuipita pamoja, na hakuna namna ya kurudi kuipita tena.

"Naweza kubadilika," mwongozaji alisema.

"Najua. Naona umeshabadilika."

"Basi turudi."

"Kila ujumbe ulionifanya nikupende miezi hii, sikuandikiwa na wewe. Nikikutazama natafuta yule aliyeniandikia, simpati. Simpati, mpenzi. Nimejaribu siku nne."

"Nitakuandikia mimi. Kila siku."

"Nitakuwa nasoma na kujiuliza."

Mwishoni mwongozaji akauliza kama anaweza kuambiwa lile jina. Poda akatikisa kichwa. Hakufanya hivyo kwa kisasi. Jina hilo tu ndilo lililobaki kuwa lake.

Alimsindikiza mpaka getini. Aliporudi ndani ndipo alipolia, kilio cha sauti, hadi dada yake akaja kumkalia pembeni bila kumuuliza kitu.

Jumapili iliyofuata familia ilikutana ili harusi ivunjwe kwa utaratibu. Baba mdogo, aliyesimama mahali pa baba yao marehemu, alimuuliza mbele ya wote kama yule kijana alimpiga. Hakumpiga. Ana mwanamke mwingine? Hana. Alimtukana, alimnyima kitu? Hapana, baba.

"Sasa mwanangu, nikaseme nini kwa wazazi wake? Amekukosea nini?"

Poda alitafuta neno la kosa lile, akakosa.

"Nilifiwa, baba," alisema. "Nikamwita mwenzangu. Hakuwepo."

Baba mdogo hakuwa akijua habari za mimba. Alimtazama binti wa kaka yake, akamtazama dada mtu aliyekuwa ameinamisha uso, na akaelewa alichoelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi, mama," alisema. "Nitakwenda mimi kusema. Wewe pumzika."