Vuli ya Kuazima

Jumapili, tarehe tisa Novemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika ghafla, na mapaa yalikuwa bado yakitona. Sebuleni kwa shangazi, mwanawe, binamu yangu aliye dalali wa viwanja, alikuwa akimposa mkunga kwa muziki wangu.

Naam, wangu. Vipande vinne vya piano pekee, kimoja kwa kila majira, nilivirekodi katika ukumbi wa shule ninakofundisha hesabu. Nilimpa dalali amfikishie mkunga kwa jina langu, kwa kuwa mwenyewe sikuthubutu. Alimfikishia kwa jina lake. Niliyajua hayo nikiwa nimeshaketi, nimeitwa niwe shahidi wa posa. Kwa heshima ya shangazi aliyenilea, nikameza hasira.

— Haya mwanangu, tupe jibu, shangazi alimwambia mkunga.

— Kwanza anieleze, mama. Nikitoka zamu, kila mtu bado ananiita: dada njoo, nesi njoo! Piano hii hainiiti. Inakaa nami kimya, inaniacha nipumue. Aliyeitunga naweza kuishi naye. Hebu niambie, hicho cha “Vuli” ulikitungaje?

Dalali akakunja nne.

— Vuli, mpenzi, ni huzuni. Niliyatazama majani yakikauka, yakidondoka moja moja, theluji ikinyemelea...

— Theluji?

— Kwa mbali.

— Theluji umeiona wapi wewe? shangazi akauliza. Kwenye friji yangu?

Nilimdharau kuliko mwizi wa kuku. Mwizi wa kuku walau anamjua kuku. Huyu vuli ilikuwa imetoka kumlowesha shati, naye akatusomea vuli ya vitabu vya kutafsiriwa!

— Mbona mkono wa kulia unakwenda mbio, halafu unanyamaza ghafla? mkunga akahoji. Ndiyo majani hayo?

— Yanaanguka kwa kasi, mpenzi.

Simu yangu ikatetemeka. Dalali, hatua tatu kutoka nilipoketi, alikuwa ameniandikia chini ya meza. Nikausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno:

“Kaka niokoe. Sema tulitunga wote. Mama ndiye aliyekulea, una deni.”

Shangazi akaweka kikombe chini.

— Ni wewe uliyetunga?

— Ni mimi, shangazi. Nilimtuma avifikishe kwa jina langu. Vuli ni mvua fupi. Mkono wa kulia ni matone. Yanakoma kabla mtu hajamaliza kuanua nguo.

— Nami nilisikia mvua, mkunga akasema taratibu. Mbona hukuja mwenyewe?

— Niliogopa. Hata kurekodi nilirekodi peke yangu, katika ukumbi wa shule ninakofundisha.

— Kwa hiyo mmoja mwongo, mwingine mwoga. Ukoo huu una bahati yake! Jumamosi saa tisa nitakuja ukumbini kwenu. Utapiga vyote vinne mbele yangu, ndipo nijue kama nina mchumba. Na wewe dalali, posa yako nimeikataa.

Akachukua mkoba, akamuaga shangazi kwa adabu, akatoka.

— Umeniaibisha, kaka! dalali akafoka. Ndiyo malipo ya wema wa mama?

— Deni la shangazi nitamlipa shangazi, siku zote za uhai wangu. Wewe hunidai kitu, na silipi.