Kisahani cha Mapafu

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Mapafu alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani na tarumbeta mkononi. Jina hilo alipewa na wasichana wenzake wa kidato cha tano, kwa sababu akivuta pumzi moja hupuliza mpaka wasikilizaji wachoke kwa niaba yake. Bendi ilifanya mazoezi kila jioni, na masomo ya sayansi nayo hayakuwa na huruma. Mama yake alishamwambia wazi, "Mwanangu, biolojia ikishuka, tarumbeta utaisikia redioni."

Ndipo likaja jaribio la vijidudu. Kila mwanafunzi alipaka uchafu wa kitu anachokitumia kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakifunga kwa utepe na kukiweka kabatini. Alitakiwa kukikagua kila jioni kwa siku tano na kuandika alichokiona kwenye jedwali daftarini. Mapafu alipaka uchafu wa mdomo wa tarumbeta yake, kisha akapotelea mazoezini. Siku ya tano, dakika kumi kabla ya kipindi, alijaza jedwali lote kwa mkupuo: hakuna kilichoota, hakuna kilichoota, hakuna.

"Mapafu, tusomee," alisema mwalimu wa biolojia, mama asiyepandisha sauti hata akiudhika.

Akasoma. Mwalimu akafungua kabati na kumkabidhi kisahani chake.

Lo! Manyoya ya kijivu yalikuwa yamejaa hadi kwenye kifuniko. Chini yake madoa ya manjano yaling'aa kama kamasi. Darasa zima likaguna.

"Ulipaka nini humo?" jirani yake aliuliza, akisogeza kiti mbali.

"Mdomo wa tarumbeta."

"Huo huo unaoupuliza? Kinyaa gani hiki!"

Mapafu alijifuta midomo kwa mkono wa sare, akajifuta tena. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameupuliza.

Baada ya kipindi, mwalimu alimwambia amimine maji ya sabuni ndani ya tarumbeta. Ute mzito wa kijani ukadondoka kwenye sinki, mapande mapande, ukinuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika ndani ya ndoo.

"Uliiosha lini?"

"Muhula uliopita, Mwalimu. Sina muda."

"Na jedwali?"

"Nililitunga." Machozi yakamtoka. "Najichukia. Tafadhali usimwambie Mama, atanitoa kwenye bendi."

"Utamwambia wewe mwenyewe, leo."

Alimwambia. Mama alikunja uso kama aliyenusa sinki lile, kisha akampa nafasi hadi mwisho wa muhula. Mwalimu wa bendi alimwachia jioni mbili kwa wiki za kusoma. Jaribio alipata sifuri, akalirudia upya, safari hii akikagua kila siku huku ameziba pua.

Alipokabidhi jedwali jipya, mwalimu wa biolojia alilisoma lote.

"Ukizidiwa na kazi, njoo useme, tutakupunguzia," alisema. "Uchafu wa tarumbeta tuliuona, tukauosha. Ule wa kwenye daftari ulikuwa umeandikwa vizuri mno. Ningeuamini, mwanangu, ungebaki nao maisha yako yote."