Barua ya Gauni la Mwalimu

Kila alasiri, Chapuchapu alivua sare ya shule, akaketi kando ya cherehani ya mama yake na kumsomea baruapepe za wateja. Mama alikuwa na macho ya kuona tundu la sindano, si ya kusoma simu.

Kaka yake Chapuchapu, fundi simu, alikuwa amewapa machaguo mawili ya programu za baruapepe. Programu moja hufunguka papo hapo, ila huzipekua barua ili ikuletee matangazo. Nyingine hudai nywila ndefu kila mara, lakini barua zake hata wenye huduma hawawezi kuzisoma.

"Nywila ndefu hivyo, nani ana muda?" Chapuchapu alisema, akabonyeza 'Kubali' kwenye ile rahisi.

Siku hiyo iliingia barua ya mwalimu wake wa hesabu: "Fundi, nimeugua, nimeondolewa titi moja. Naomba gauni liwekewe pamba upande huo. Hili libaki kati yetu."

Jioni nyumba ilijaa wateja. Shangazi alichukua simu awaonyeshe mitindo. Yakatokea matangazo ya matiti ya bandia.

"Makubwa haya! Nani humu kakatwa titi?"

Akagusa alama ya barua. Simu haikuuliza nywila. Akasoma kwa sauti mpaka kwenye jina.

"Wifi, weka simu chini!" mama alifoka. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Asubuhi darasa zima lilinong'ona. Mwalimu aliandika hesabu za sehemu ubaoni, mtandio kaukaza kifuani. Chapuchapu hakulia. Alikuwa na ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa. Wakati wa mapumziko miguu ilimpeleka yenyewe kwa mwalimu.

"Mwalimu, barua yako ilisomwa nyumbani. Programu niliichagua mimi."

Mwalimu aliukaza tena mtandio. "Wengine wangekaa kimya," alisema. "Mwambie mama, gauni bado nalitaka."

Jioni Chapuchapu alifuta barua zote, akafunga akaunti ile, akahamia kwenye huduma ya nywila ndefu.

"Mteja akitaka kuvua nguo nimpime, huwa navuta pazia kwanza," mama alisema. "Sijawahi kulalamika kwamba pazia linanichelewesha. Barua ya mtu ni mwili wake, mwanangu. Haya, andika nywila. Nitasubiri."