Valvu Aliyoibeba Kaneza

Kila alipotoka shule, Kaneza alipitia gereji ya Mzee Oswald pale Mwandiga kumpelekea kaka yake chakula. Kaka huyo, Niyokwizera, fundi wa hapo, ndiye aliyembeba mgongoni walipokimbia vita Burundi, na ndiye aliyemlea. Kaka akisema jambo, kwa Kaneza limekwisha.

Jioni moja alimkuta akifuta mikono. Alikuwa amepewa kazi ya kubadilisha valvu ya moshi kwenye gari la Mama Skolastika, mkunga wa Kalinzi. Valvu yenyewe imejificha nyuma ya injini, mahali ambapo fundi haoni kitu, anapapasa tu.

"Umeiweza?" Kaneza aliuliza.

"Ego, imetoka," Niyokwizera aliitikia kwa Kirundi kwamba ndiyo, akampa boksi. "Mpelekee mama spea yake ya zamani."

Ndiyo ilikuwa desturi ya gereji ile: kinachotolewa kwenye gari hurudishwa kwa mwenyewe, akione kwa macho yake. Kaneza alilibeba boksi kwa fahari.

"Shikamoo, mama. Kaka amemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Nikikuona wewe sina wasiwasi."

Wiki ile ile gari lilitoa moshi mweusi, likaishiwa nguvu kwenye mlima wa Kalinzi, ndani yake mna mama mwenye uchungu. Alijifungulia kando ya barabara, mvua inanyesha. Kwa bahati yeye na mtoto walipona.

Mama Skolastika alirudi gereji na boksi lake. Hakugomba. Mzee Oswald aliichukua ile valvu ya zamani, akaipachika juu ya gasketi mpya ya gari lile, kipande cha kuzibia maungio. Matundu hayakulingana.

"Hii ni ya gari jingine," alisema. "Imetoka kwenye vyuma chakavu vyangu. Niyokwizera, mpya iko wapi?"

"Chini ya kabati, mzee. Bolti moja ilikataa kufunguka. Niliogopa itakatika."

Kaneza alilitazama lile boksi. Alikuwa amebebeshwa uongo mikononi, na aliyembebesha ni kaka yake.

"Ulinituma mimi," alisema, "kwa sababu ulijua mama ataniamini."

"Mbabarira, Kaneza," Niyokwizera alimwomba radhi kwa Kirundi.

Mzee Oswald hakumfukuza fundi wake. Waliilowesha bolti kwa mafuta ya kulegeza kutu, wakaisubiri, wakaifungua polepole pamoja. Valvu ya kweli ikatoka, imeziba kwa masizi, na mpya ikafungwa. Niyokwizera aliitia ya zamani kwenye boksi, akamnyooshea mdogo wake kama alivyozoea.

Kaneza akaficha mikono nyuma.

"Peleka mwenyewe."

Niyokwizera akaenda, kichwa chini.

"Mzee, nitamwamini tena?" Kaneza aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Imani yako ataitafuta yeye, na itamchukua muda," Mzee Oswald alijibu. "Angeniambia bolti imekataa, ningemsaidia siku ile ile. Aliniambia imetoka, basi hakuna aliyejua kwamba anahitaji msaada. Aliyelipia ni yule mama barabarani, na wewe. Kushindwa kazi si aibu, mwanangu. Ukishindwa, sema mapema."