Mbizi ya Jumapili

Mkate wa samaki ndio uliowakutanisha, na ulikuwa wa mwisho. Jumatano saa saba mchana, Mtaa wa Bay hapo Bridgetown, foleni ya kibanda cha Mama Eudene ilikuwa imemwagika hadi barabarani, na mikono miwili ikafika kwenye mkate mmoja. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Yolande Braithwaite, aliyeshuka kwenye ndege ya Toronto asubuhi ile, gauni lake la manjano limejikunja kwa kukaliwa saa tano. Wa pili ulikuwa wa mwanamume aliyevaa fulana iliyofifia kwa chumvi, na mabega ambayo, tusidanganyane, yalimfanya Yolande asahau njaa kidogo.

"Chukua wewe, Toronto," akasema mwanamume.

"Umejuaje natoka Toronto?"

"Umeniomba samahani mara tatu, kama wageni wote wa kutoka huko, na mimi ndiye niliyekukanyaga."

Wakaugawana. Pilipili ikawatoa machozi wote wawili, kila mmoja akijidai si yeye. Jina la mwanamume ni Oswin Greenidge, na kazi yake kuwashusha wageni chini ya maji kuziona meli zilizolala kwenye Ghuba ya Carlisle. Yolande akacheka, maana ndani ya sanduku lake, chini ya gauni la msindikizaji wa bibi harusi, alikuwa ameficha miwani yake ya kuzamia.

Aliificha kwa sababu. Binamu yake Karlene, aliyekuwa anaolewa Jumamosi kwenye ufuko wa hoteli, alikuwa amechapisha ratiba ya siku nne na kumpa kila mtu nakala: nywele, kucha, mazoezi ya kutembea, mazoezi ya kusimama. Kuzamia hakukuwemo. Jumapili saa kumi alasiri ni ndege. Na ndege ina sharti lake, kila mzamiaji analijua: ukishatoka chini hupandi ndege mpaka siku nzima ipite, la sivyo hewa iliyonyonywa na mwili inachemka mapovu kwenye damu huko juu, na unaweza kushuka kwa machela. Kwa hiyo, Jumamosi ikiwa ya harusi, zilibaki Alhamisi na Ijumaa, alfajiri, kabla mashangazi hawajaamka.

Shangazi Ermine, mama wa bibi harusi, aliamka. Alimkuta Yolande anapanda ngazi za hoteli nywele zinachuruzika, duara jekundu la miwani limezunguka uso mzima. Akamwambia kwamba ikifika Jumamosi na duara hilo bado lipo, atapigwa picha kwa nyuma, na nyuma yenyewe si haba.

Lakini nani angejutia duara? Chini kule Oswin alimshika mkono kumwonyesha kasa aliyelala kwenye usukani wa meli, kisha akasahau kuuachia. Jioni akampigia simu kuuliza kama masikio yanauma. Akapiga tena kuuliza sikio la kushoto. Mara ya tatu Yolande akamwambia, "Kapteni, nina masikio mawili tu. Kesho utaulizia nini?" Oswin akajibu kwamba atafika kwenye pua.

Ijumaa, walipopanda mashuani, Yolande akaona haya kuendelea kucheka bila kusema. Akamweleza kwamba Toronto kuna mtu, Wendell, mwalimu wa hesabu, amemwomba waoane, na Jumatatu anataka jibu.

"Ni mtu mzuri?" Oswin akauliza.

"Mzuri."

Oswin akaufunga mtungi wa hewa uliokuwa umeshafungwa.

Jumamosi Karlene akaolewa kwa upepo, shela likimpiga mchungaji usoni. Oswin alialikwa dakika za mwisho na bwana harusi, aliyekwisha kusikia kisa cha lile duara jekundu. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa gumu kama bati. Yeye na Yolande walicheza wakiwa wameshikana, sahani za makaroni na samaki zikipoa mezani. Usiku kucha Yolande alikuwa amelitafuta neno, na mwanamke wa miaka thelathini na minne haoni rahisi kumwambia mtu wa siku tatu, nizuie. Akalipata kwa njia yake.

"Kesho asubuhi nipeleke tena kwenye meli."

"Kesho unapanda ndege."

"Najua ninachosema, Oswin. Nipeleke."

Uso wa Oswin ukabadilika, ukawa uso wa kazini. "Haiwezekani. Tangu nianze kazi hii sijamwumiza mteja, na sitaanza na wewe."

Mteja. Yolande akamtazama shati, vifungo, kola. Akaona amejibiwa: nenda kamjibu mwalimu wako. Akamwambia miguu inauma, akaenda kukaa na mashangazi, na Oswin akabaki pale walipokuwa wakicheza anajisifu moyoni kwamba amemlinda. Ah, wanaume na sheria zao.

Jumapili akapanda ndege akiwa mkavu. Jumatatu, mezani kwa Wendell, akasema ndiyo. Wendell alilia, na kilio cha Wendell kilimfanya Yolande alie pia, kila mtu kwa lake.

Jumanne asubuhi simu ikaita yuko jikoni kwa Wendell.

"Toronto."

Alishika ukingo wa sinki.

"Jana mwenzangu alikuwa anapanga fomu za wageni," Oswin akasema. "Akaisoma yako. Umeandika mbizi tisini na mbili. Akaniuliza, mtu wa mbizi tisini na mbili hajui habari za ndege? Akaniita bwege mbele ya wateja. Ulikuwa unaniomba ubaki, Yolande?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa na shati jeupe, ulikuwa umenishika kiuno, nikasema."

Yolande akasikia kipaza sauti kwa mbali kinataja safari ya ndege.

"Uko wapi, Oswin?"

"Uwanja wa ndege. Sijagusa maji tangu Jumapili, naweza kupanda ndege. Sijakata tiketi, nilitaka kukuuliza kwanza. Niambie tu nije."

Kule sebuleni Wendell alikuwa akimwambia mama yake kwenye simu habari njema, anapiga kelele kwa sababu mama yule ni kiziwi kidogo; alikuwa akirudia jina la Yolande herufi kwa herufi. Yolande akafungua bomba ili asisikike, halafu akalifunga, maana alitaka Oswin asikie vizuri.

"Jana nimemwambia ndiyo."

Kule sebuleni Wendell akaanza tena herufi ya kwanza.

"Ni mtu mzuri," akasema Oswin hatimaye.

"Mzuri."

"Na mimi?"

Yolande akaegemeza paji la uso kwenye kabati. "Rudi kazini, mpenzi wangu," akasema. "Ingia majini."